Plagi Begani, Mikono Langoni: Miaka ya Madam Dorah Karakanani

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, kabla jua halijatua, Bi. Dorah Nyarangi atafunga kabati la mashine kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Ziwani kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia tawi letu la Migori mwaka 1994, akahamia hapa Mbita tawi lilipofunguliwa, na kwa muda wote huo hakuna grinda ya kukatia chuma, drili wala randa ya umeme iliyotoka kabatini bila yeye kuikagua. Kwenye karatasi cheo chake ni Msimamizi wa Mashine na Usalama. Karakanani anaitwa Madam, na inatosha.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Risper Mniko wa ofisi ya maagizo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu dirisha langu linatazama karakana moja kwa moja, na pia kwa sababu nimegombezwa na Madam kuliko mtu mwingine yeyote asiyeshika mashine. Aliposikia ninaandika, alikuja mezani kwangu kunionya nisithubutu kusema kwamba yeye ni mnyenyekevu. Nimemtii. Bi. Dorah si mnyenyekevu hata kidogo. Kazi yake anaijua, na anajua kwamba anaijua. Mgeni akiingia karakanani hukalishwa kwanza aonyeshwe drili ya kijani iliyonunuliwa mwaka ule alioajiriwa, ambayo hadi leo inatoboa mbao ngumu bila kulalamika. Mgeni asiposhangaa vya kutosha, huonyeshwa tena.

Alizaliwa Nyamira, akaja Migori akiwa mdogo wazazi wake walipohamia kuuza ndizi na maharagwe sokoni. Kaka yake mkubwa, Angwenyi, alipata kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, na siku moja msumeno ukamkata vidole vya mkono wa kulia. Alipona, akaoa, akalea watoto. Lakini kwao ni Waadventista, na kanisani ibada ikiisha watu hutoka kwa mstari wakishikana mikono mlangoni, kila mtu na kila mtu. Angwenyi akaanza kutoka kwa mlango wa nyuma. Bi. Dorah alikuwa msichana wa shule wakati huo, na kila Sabato alikuwa akimtafuta kaka yake kwenye mstari asimwone. Habari hiyo alitusimulia mara moja tu, akiwa anapaka grisi, kisha akaendelea na kazi yake.

Alisomea mashine za umeme katika chuo cha ufundi, darasani wanawake wakiwa wachache sana, na akaajiriwa kwetu kutunza stoo. Siku za kwanza alikuta tabia moja ambayo watu wa kule Migori waliihesabu kuwa akili. Anayeisimulia vizuri ni Mzee Oyaro, seremala wetu aliyetangulia kustaafu. Stima ilikuwa ikipotea ovyo, na ikipotea, mafundi waliacha swichi za mashine zikiwa zimewashwa, wakavuka barabara kwenda kunywa chai. Stima ikirudi, randa ilinguruma mezani peke yake, watu wakaisikia hadi kibandani, wakarudi mbio wakishangilia. Randa ndiyo ilikuwa kengele yao. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na mama wa kibanda aliwasifu kwamba hawajawahi kuchelewa kurudi.

Madam alilalamika, wakamcheka. Alikuwa mgeni, alikuwa mwanamke, na alikuwa mtu wa stoo. Kisha siku moja stima ilirudi, randa ikanguruma kama kawaida, lakini safari hii ilitembea juu ya meza kwa ule mtetemo wake, ikaanguka, ikaendelea kutambaa sakafuni mpaka kwenye kiti ambacho Oyaro alikuwa ametundika koti lake la kanisani. Watu walipofika kutoka chai, ilikuwa imekwisha kutafuna upande mzima wa koti hadi bitana. Oyaro alikuwa amelinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Madam hakumpa pole. Alilichukua lile koti, akalipigilia misumari ukutani juu ya soketi, na kumwambia mwenyewe kwamba angekuwa ameketi hapo angekuwa ndani yake. Koti lilikaa ukutani hadi panya walipolimaliza.

Wiki hiyo hiyo aliweka taa. Ni balbu ya kawaida aliyoipaka rangi nyekundu ya kucha, akaitundika kwenye nguzo mbele ya karakana ambapo mtu anayekunywa chai ng'ambo anaiona vizuri. Stima ikirudi, balbu inawaka, na mashine zinabaki kimya zikisubiri mwenye kuzishika. Baadaye hata tawi hili la Mbita lilipata balbu yake nyekundu kabla ya kupata bango la jina. Wateja wengine wameniuliza kwa aibu kama hapa kuna baa.

Taa peke yake haikumtosha. Kuna sheria nyingine aliyoileta, nayo ndiyo iliyotupa sifa mjini. Kabla fundi hajagusa diski, msumeno, biti au kisu cha randa, sharti achomoe plagi na kuitundika begani. Kuizima mashine tu hakuhesabiki. Kuchomoa plagi na kuiacha sakafuni nako hakuhesabiki, maana mwenzako anaweza kuiona imelala akadhani anakusaidia kuirudisha. Plagi ikiwa begani unaihisi mwenyewe, na kila aliye karibu anaiona. Mwanzoni watu wa sokoni Migori walitutania kwamba sisi tunafuga nyoka. Mke wa Oyaro ametuapia kwamba hadi leo mumewe akifuta pasi nyumbani, plagi huwa iko begani, na ukimwuliza anakasirika.

Halafu kuna Ijumaa. Kwa Madam Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato kipikwe, nguo zipigwe pasi, nyumba isafishwe kabla jua halijatua. Aliona ni haki mashine nazo zipate maandalio yao. Basi kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, hakuna kinachokatwa. Mashine zote zinatoka kabatini na kupangwa mezani. Vumbi linapulizwa nje ya matundu ya mota, kaboni zilizolika zinabadilishwa, nyaya zinapapaswa kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta palipochubuka, swichi zinajaribiwa kama zinarudi zenyewe, gadi, vile vikinga vya diski na misumeno, zinakazwa. Wakatoliki wanapiga brashi, Wapentekoste wanapiga brashi, na fundi Matiko kutoka Ntimaru, ambaye hajaonekana ndani ya kanisa lolote, ndiye mkali kuliko wote mtu akiruka hatua. Kazi hii huendana na nyimbo za Madam. Sauti yake si mbaya, ila haijui kupungua.

Kazi ikiisha, Madam husimama langoni na kumshika kila mtu mikono yote miwili. Huigeuza, juu kisha kiganjani, halafu anakutakia mwisho wa wiki mwema. Nilipoajiriwa nilidhani ni ukarimu wa kanisani. Hata mimi wa ofisini ninageuzwa mikono, ingawa mashine ninayoshika ni ya kuchapia tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anakagua, na muda zaidi kuelewa ni mstari gani alikuwa akiujenga upya pale langoni.

Mbita ilimpa kazi mpya. Unyevu wa ziwa huingia kila mahali, mchanga nao haubaki nyuma. Wenzetu wanaounda mashua ufukweni walipopata habari zake wakaanza kumletea grinda zilizoungua, nyingi zikiwa zimefungwa msumeno wa mbao mahali pa diski, na gadi zake zikiwa zimetupwa zamani. Madam alizitengeneza zote kwa ustadi, lakini hakuirudisha grinda hata moja bila gadi, wala hakukubali kurudisha ule msumeno. Walimlalamikia kwa Dholuo wakidhani haelewi. Akajifunza Dholuo ya kutosha kuwajibu, na siku alipoanza kuwaita omera, yaani ndugu, huku akiwanyima msumeno wao, wakanyoosha mikono juu. Leo wanatengeneza gadi zao wenyewe kwa mabati mazito, na wamekuja kutuuliza kama wanaruhusiwa kuhudhuria sherehe. Wanaruhusiwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati iliniambia nisiliache, na wenyewe wahusika wamenipa ruhusa.

Mwaka 2019 tulipata agizo kubwa la vitanda vya chuma vya ghorofa kwa bweni jipya la shule ya wasichana kisiwani Mfangano. Boti la mizigo lilikuwa limepangwa kuondoka Jumatatu asubuhi, na wasichana wangefika shuleni jioni yake. Wenye karakana walikuwa wamekwisha kumwambia meneja wetu, Bwana Ondieki, kwamba Mbita haileti faida, na kwamba vitanda hivi vikichelewa tawi litafungwa. Sote tulijua. Ilikuwa wazi kwamba wachache wangerudishwa Migori na wengine tungerudi nyumbani. Na wiki nzima ile stima ilikuwa inakuja na kwenda itakavyo.

Ijumaa ilifika mabomba ya vitanda vingi bado hayajakatwa. Bwana Ondieki alishuka karakanani mwenyewe, kwa heshima zake zote, akamwomba Madam wiki hii moja maandalio yasamehewe. Hakuwa mtu mbaya, na kichwani alikuwa amebeba riziki za watu wote wa tawi. Madam alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamjibu kwamba wiki ambayo mashine zimekimbizwa bila kupumzika ndiyo wiki ambayo hawezi kuzisamehe, na kwamba meneja akitaka kumfuta kazi afanye hivyo kabla ya chakula cha mchana, naye Madam ajue moja. Bwana Ondieki alipanda ngazi kurudi ofisini. Saa ya chakula ilipopita, Madam akazipanga mashine mezani.

Alichokikuta kilizidisha hasira za watu. Diski mpya zilikuwa zimewekwa dirishani, mvua ya ziwa ikazilowesha, na diski iliyolowa inaweza kupasuka ikizunguka. Madam alizivunja zote vipande viwili ili asitokee mtu wa kuziokota. Grinda ya Machuki, fundi wetu mwepesi kuliko wote, ilikuwa imevuliwa gadi ili ifike kwenye pembe haraka. Akairudisha gadi, akaikaza mwenyewe. Siku hiyo Matiko alipiga brashi lakini hakuitikia wimbo. Machuki ndiye aliyeumia zaidi. Mkewe Marion alikuwa ametoka kujifungua, na walikuwa wamehamia nyumba mpya. Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba Madam anatutunzia vidole vizima ili tupate vya kuombea chakula. Madam alisikia. Aliendelea kupuliza vumbi.

Jioni langoni, Machuki alipita mikono ikiwa mfukoni. Madam alikuwa amekwisha kunyoosha yake, na ikabaki hivyo hewani. Nilikuwa nyuma ya Machuki, nikaishika mimi. Ilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza hakuigeuza yangu.

Jumamosi Bwana Ondieki alienda Homa Bay mwenyewe kutafuta diski nyingine. Jumapili watu wote walirudi kazini, hata waliokuwa wamenuna. Mashine zilizosafishwa zilikata vizuri, na kufikia mchana tukaanza kuona kwamba huenda tukamaliza. Ndipo stima ikapotea. Mafundi wakatoka nje kupunga upepo na kuitazama ile balbu. Machuki hakutoka. Diski yake ilikuwa imelika, akaona aibadilishe wakati huo ili stima ikirudi asipoteze muda.

Niliona yote kupitia dirisha langu. Alipiga magoti, akaishika diski kwa kiganja cha kushoto, akaingiza spana kwa mkono wa kulia, na alikuwa katikati ya kuifungua, mara balbu nyekundu ikawaka nje na watu wakapiga kelele za furaha. Machuki aliinua uso akaitazama ile taa, kiganja bado kimeikumbatia diski. Plagi ilikuwa begani kwake. Baadaye aliniambia hakumbuki hata kuiweka pale. Alikuwa amemkasirikia Madam tangu Ijumaa, na mkono wake ulikuwa umefanya vile Madam alivyomfundisha bila kumwuliza.

Akamaliza kufunga diski, akaweka gadi, akailaza grinda sakafuni na kwenda kwenye soketi. Plagi ilipogusa tu, grinda ilinguruma na kuruka ikazunguka sakafuni peke yake. Swichi ilikuwa imewashwa tangu stima ilipopotea. Aliisahau hivyo, na akaishika hivyo kwa mikono yote miwili. Machuki alichomoa plagi, akaketi juu ya rundo la mabomba. Halafu alisimama, akaenda kabatini alikokuwa Madam, akamnyooshea mikono yake. Madam aliipokea, akaigeuza juu, akaigeuza kiganjani, akaishika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamwambia aende akazime swichi, vitanda vinangoja.

Vitanda viliondoka Jumatatu asubuhi. Viwili vilikuwa havijapakwa rangi, kwa hiyo Machuki alipanda boti na mkebe wake, akavimalizia huko huko kisiwani, akarudi na samaki aliopewa na mwalimu mkuu na madoa ya kijani kwenye nywele. Wasichana walilala vitandani usiku huo huo. Tawi la Mbita, kama unavyoona, bado lipo, na wewe unasoma ukurasa huu ukiwa umeketi ndani yake. Tangu balbu ile ya kwanza ilipowaka Migori hadi leo, katika matawi yetu yote mawili, hakuna fundi aliyetoka langoni na kidole pungufu. Bi. Dorah atakuambia mwenyewe ukimwuliza, na hata usipomwuliza.

Kuna mengi nimeyaacha. Sijasema juu ya Dolphine, aliyekuja kwetu akiogopa hata kelele za drili na sasa ndiye anayesimamia mashine za Migori, akiimba nyimbo zilezile kwa sauti iliyo nafuu. Sijasema jinsi Madam alivyomzuia mgeni mmoja mheshimiwa kuingia karakanani hadi alipovua tai, kwa kuwa mashine inayozunguka haitambui vyeo. Wala ule mwaka alipoikata mikono mirefu ya mashati ya mafundi waliokataa kuikunja, na wake zao wakaja kumshukuru kwa sababu sasa kufua kumepungua.

Anarudi Nyamira, ambako anasema atafuga kuku na kupumzika. Binti yake Edinah amenidokeza kwamba tayari ameulizia hali ya kinu cha kusaga unga cha kijijini na nani anakipaka grisi. Tunawaombea wenye kinu.

Kuanzia Jumatatu tarehe mosi Desemba, ufunguo wa kabati la mashine utakuwa kwa Machuki. Madam alimchagua mwenyewe, na wasimamizi wakakubali bila mjadala. Ataupokea Ijumaa mbele yetu sote, na tumekubaliana kwamba ni lazima aupokee kwa mikono miwili.

Kuhusu zawadi, kamati ilimwuliza anataka nini, akajibu kwamba anataka maandalio ya Ijumaa hiyo yasifupishwe kwa sababu ya hotuba. Kwa hiyo hotuba zitakuwa chache, na mashine zote zitasafishwa kwanza. Halafu tutatoka. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye atakayepita, na sisi ndio tutakaosimama langoni kwa mstari, mafundi, ofisi, waunda mashua, na Mzee Oyaro anayesafiri kutoka Migori akiwa amevaa koti jipya.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mtu ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake. Alijitambulisha kuwa ni Angwenyi, kaka wa Dorah. Alisema amesikia kutakuwa na mstari langoni, na akaniuliza kwa upole kama ndugu wanaruhusiwa kusimama. Nikamwambia wanaruhusiwa. Kisha akaomba, kama haitakuwa shida, tumweke wa kwanza. Dada yake hajaambiwa, na ikiwa unausoma ukurasa huu kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, tafadhali usimwambie.

Ero kamano, asante sana, Madam, kwa kila kidole ulichotutunzia. Ukifika Nyamira, kuku wako waongezeke, afya yako idumu, na jua la Ijumaa likukute umekwisha kupumzika. Maisha yako ya nyumbani yawe mema. Pita langoni polepole. Tumeosha mikono, tumeinyoosha, na huyo aliye mbele kabisa ameutoa mkono wa kulia.